Hukumu ya haraka ya deni: Je, kimya cha mdaiwa ni kukiri?

Wahenga walituachia methali mbili ambazo zikikutana njiani hazisalimiani. Moja inasema haraka haraka haina baraka. Nyingine inasema ngoja ngoja yaumiza matumbo. Katika mambo mengi ya dunia mtu aweza kuichukua moja akaiacha nyingine, kulingana na hali yake. Lakini hakimu aliyekaa kwenye kiti, na mbele yake yupo mtu anayedai shilingi milioni kumi na hati anayo mkononi, hana uhuru huo. Akichelewa, anamuumiza mwenye mali. Akiharakisha, huenda akamdhulumu mtu ambaye bado hajatamka neno.

Swali ninalotaka tulitazame wiki hii ni hili: Je, ni haki mahakama kumuamuru mtu alipe deni bila ya kuusikiliza utetezi wake, kwa sababu tu aliyemshitaki ameleta karatasi yenye saini?

Wapo wanaosikia swali hili na kujibu hapo hapo kuwa hiyo ni dhulma isiyohitaji mjadala. Wapo wengine, na hasa wafanyabiashara, wanaosema kuwa hilo ndilo jambo pekee ambalo sheria ilipata kulifanya vizuri. Kwa maoni yangu kila upande umeshika nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki imelala mahali ambapo wengi hatupatazami: si mahakamani, bali pale mezani hati ilipoandikwa.

Sheria inavyosema

Katika kesi ya kawaida ya madai, mdaiwa akipata samansi huwasilisha majibu yake, kisha pande zote mbili huleta mashahidi na vielelezo, ndipo hakimu huamua. Shauri la namna hiyo laweza kula miaka. Lakini Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya Tanzania, iliyotungwa mwaka 1966, ina sehemu inayoitwa Amri ya 35, ambayo inaweka njia fupi. Wanasheria huiita utaratibu wa muhtasari. Njia hii hutumika kwa madai ya aina maalumu, kama vile madai yanayotokana na hundi au hati ya ahadi ya kulipa, na pia mikopo iliyowekewa rehani ya nyumba au ardhi.

Katika njia hii fupi mambo yamegeuzwa. Mdaiwa hana haki ya kujitetea moja kwa moja. Anatakiwa kwanza aiombe mahakama ruhusa ya kujitetea, na ombi lake liambatane na hati ya kiapo inayoeleza ana jambo gani la kusema. Muda wa kuomba ni siku 21. Asipoomba, au akiomba akanyimwa, basi yote aliyoyaandika mdai huhesabiwa kuwa mdaiwa ameyakiri, na hukumu hutolewa. Hakuna shahidi anayeitwa wala maswali yanayoulizwa.

Kanuni hii haikuzaliwa kwetu. Uingereza ilitunga sheria ya namna hii mwaka 1855 kwa ajili ya hundi na hati nyingine za biashara, baada ya kuonekana kuwa wadaiwa wengi walikuwa wakiweka utetezi wa uongo kwa nia ya kuchelewesha tu. Ikaingia katika sheria ya madai ya India ya mwaka 1908, na kwa njia ya India ikafika Afrika Mashariki pamoja na watawala wa Kiingereza. Kenya na Uganda nao wanayo, kwao ni Amri ya 36. Hivyo hili si jambo la jana, wala halikutungwa kwa ajili ya kumkomoa masikini wa Dar es Salaam.

Huenda msomaji akauliza: kama mambo yenyewe ni ya sheria za Kiingereza, fiqhi inaingiaje hapa? Ni kweli kuwa madeni ya biashara hayaendi kwa kadhi, si Mombasa wala Unguja. Sisemi kwamba mahakama zetu zihukumu kwa fiqhi. Ninachosema ni kuwa swali hili, la nani asikilizwe, lini na kwa kiasi gani, waliulizana mafakihi wetu karne nyingi kabla ya 1855, na majibu yao yanaweza kutufaa sisi tunaodai na kudaiwa leo.

Hoja ya mwenye mali

Tuanze na mdai, kwa sababu yeye husahaulika haraka. Likitajwa neno mdai tunaona picha ya benki kubwa yenye ghorofa na viyoyozi. Lakini tuchukue mfano wa mwanamke mwenye duka la vitenge Kariakoo. Anampa mfanyabiashara wa mkoani mzigo wa shilingi milioni nane kwa mali kauli, naye anapewa hundi yenye tarehe ya mwezi ujao. Tarehe inafika, anaipeleka hundi benki, inarudi: akaunti haina kitu. Anapiga simu, haipokewi. Anatuma mtu, anaambiwa mwenyewe kasafiri.

Mfanyabiashara yule anajua kwamba anadaiwa. Mzigo aliupokea, ameuuza, na fedha amezifanyia mambo mengine. Lakini katika kesi ya kawaida anahitaji sentensi moja tu: "Ninakana deni." Sentensi hiyo inaweza kumnunulia mwaka, miaka miwili au zaidi. Wakati huo mama wa watu anadaiwa na aliyemletea kontena, kodi ya fremu imefika, na watoto wamerudishwa shuleni kwa ajili ya ada. Siku atakayopata hukumu, milioni nane ile haitanunua tena mzigo ule ule.

Mtume (SAW) amefundisha, katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba mwenye uwezo kuchelewesha malipo ni dhulma. Tuzingatie vizuri hapa. Kilichoitwa dhulma si kukataa kulipa tu. Ni kule kuchelewesha kwenyewe. Sasa ikiwa kuchelewesha ni dhulma, basi mahakama inayomkopesha mchelewaji miaka mitatu ya kalenda yake inashiriki katika dhulma hiyo, hata kama haikukusudia. Na tunajua namna deni lilivyo zito katika dini: Mtume (SAW) aliacha kumswalia maiti mwenye deni mpaka Abu Qatada (RA) alipojitolea kulibeba deni lile.

Kwa hiyo anayesema kwamba kila mdaiwa apewe muda wote anaoutaka, kwa hoja ya haki ya kusikilizwa, amechanganya mambo mawili. Haki ya kusikilizwa haikuwa kamwe haki ya kuchelewesha. Mtu asiye na la kusema hapotezi kitu akinyimwa muda wa kulisema.

Hoja ya asiyesikilizwa

Lakini mahakama itajuaje kwamba mtu hana la kusema kabla ya kumsikiliza? Hapo ndipo mzigo ulipo.

Imam Ali (RA) alipopelekwa Yemen kuwa kadhi akiwa bado kijana, Mtume (SAW) alimuusia kuwa wakikaa mbele yake wagomvi wawili asimhukumie wa kwanza mpaka amsikie wa pili, kwani kwa kufanya hivyo hukumu itambainikia. Wameipokea Abu Daud na Tirmidhi. Sababu iliyotajwa si adabu tu kwa mdaiwa. Ni kwamba hakimu mwenyewe hawezi kuona vizuri kwa jicho moja.

Na katika Sura Saad (38:21-25) tunasoma habari za Nabii Daud (AS) alipoingiliwa na wagomvi wawili. Mmoja akalalamika kuwa ndugu yake ana kondoo 99 na yeye anaye mmoja tu, na huyo mmoja pia anatakiwa amtoe. Nabii Daud (AS) akasema kuwa amedhulumiwa, kisha akatambua kuwa ametahiniwa, akaomba msamaha. Wafasiri wana maneno mengi juu ya mtihani huo ulikuwa nini, lakini wapo waliosema kuwa ni hapo hapo: neno lilitamkwa kabla ya upande wa pili kusikika. Na tazama nani aliyekuwa akilalamika. Alikuwa mwenye kondoo mmoja. Huruma kwa mnyonge nayo yaweza kumfanya hakimu aharakishe. Kanuni ya kusikiliza pande zote haimpendelei tajiri wala masikini.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano nayo, katika Ibara ya 13(6)(a), imempa kila mtu ambaye haki yake inaamuliwa na mahakama fursa ya kusikilizwa kwa ukamilifu. Anayeitetea Amri ya 35 atasema fursa hiyo ipo: mdaiwa ameruhusiwa kuomba. Ni kweli. Lakini je, kuombea mlango ufunguliwe ni sawa na kukaribishwa ndani?

Kimya cha aina nne

Uzito wote wa utaratibu huu umekaa juu ya neno moja: kunyamaza. Aliyenyamaza amekiri. Watu mitaani nao husema hivyo, kunyamaza ni kukubali.

Imam Shafi'i, ambaye madhehebu yake ndiyo inayofuatwa na wengi wetu katika pwani hii, amenukuliwa akiweka kanuni kwamba mtu aliyenyamaza hanasibishwi na kauli yoyote. Huwezi kumwekea maneno mdomoni. Wanachuoni waliokuja baadaye wakaongeza nusu ya pili: isipokuwa kunyamaza mahali ambapo kusema kunahitajika, hapo kimya chake ni maelezo. Nusu zote mbili zimeandikwa pamoja katika kifungu cha 67 cha Majalla, sheria ya madai ya dola ya Uthmaniya iliyokusanywa kati ya mwaka 1869 na 1876.

Kwa nusu hiyo ya pili Amri ya 35 inaweza kutetewa kabisa. Mdaiwa ameitwa, ameonyeshwa madai, ameambiwa siku zake ni 21. Hapo ni mahali pa kusema. Akikaa kimya, asimlaumu mtu. Lakini hoja hii ina sharti ndani yake: lazima mtu ajue kuwa hapo ni mahali pa kusema, na awe anaweza kusema.

Mimi nimekaa na watu wengi waliopata samansi, msikitini, sokoni na barazani, na kwa niliyoyaona kimya chao ni cha aina nne. Kuna kimya cha asiye na la kusema. Deni analijua na amefika mwisho wa visingizio. Kuna kimya cha asiyejua; amepata makaratasi yenye lugha ya kisheria, akadhani siku ya kesi ataitwa aeleze, wala hakujua kuwa katika njia hii siku hiyo haipo asipoiomba. Kuna kimya cha aliye mbali; yuko safarini au samansi aliachiwa mtu mwingine akaisahau juu ya kabati. Na kuna kimya cha aibu, ambacho kwetu ni kikubwa kuliko tunavyokubali. Mtu mzima anaona haya kumwambia hata mke wake kwamba ameshitakiwa, seuze kwenda kwa wakili.

Kati ya hivyo vinne, kimoja tu ndicho kukiri. Sheria ya njia fupi inavichukua vyote vinne na kuviweka kapu moja. Ni kweli kwamba sheria hiyo inaipa mahakama uwezo wa kuitengua hukumu kukiwa na sababu za pekee, lakini mlango huo hufunguka baada ya hukumu, na mara nyingi dalali ameshafika.

Hapa fiqhi ina somo zuri. Mdai akikosa mashahidi, mdaiwa huapishwa. Je, akikataa kuapa? Kwa Mahanafi kukataa huko kunatosha, atahukumiwa. Kwa Mashafi'i hakutoshi: kiapo kinarudishwa kwa mdai, naye aape kuwa anachodai ni haki yake, ndipo apewe. Kwa nini? Kwa sababu mtu anaweza kuacha kuapa kwa kumuogopa Allah (SW), au kwa shaka, bila ya kuwa mwongo. Hawakutaka kimya kigeuke fedha kabla ya mdai naye kuiweka dini yake rehani.

Vivyo hivyo kwa asiyekuwepo. Hind bint Utba (RA) alipomlalamikia mumewe Abu Sufyan kuwa ni bahili, Mtume (SAW) alimruhusu achukue katika mali yake kinachomtosha yeye na mwanawe kwa wema. Abu Sufyan hakuwepo hapo akilalamikiwa. Wanaojuzisha kumhukumu asiyekuwepo, wakiwemo Mashafi'i, wamelitumia tukio hilo kuwa hoja, Mahanafi wamekataa. Lakini Mashafi'i hao hao wamesema mdai, hata akileta ushahidi, aape pia kuwa haki yake bado ipo, hajalipwa wala hajasamehe. Tazama busara hiyo. Hakimu anamuulizia asiyekuwepo yale ambayo angeyasema mwenyewe lau angekuwepo.

Nani aliyeisoma hati?

Sasa nifike kwenye jambo ninaloliona kuwa ndilo shina la suala zima. Mahakama inaharakisha kwa sababu kuna hati. Hati ina saini. Saini ni ya mdaiwa. Lakini saini inathibitisha nini hasa? Inathibitisha kuwa mkono ulipita hapo. Haithibitishi kuwa kichwa kilielewa.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an ni ya deni (2:282). Inaamrisha deni la muda liandikwe, awepo mwandishi muadilifu, na wawepo mashahidi. Hayo tunayahubiri sana. Lakini kuna sehemu ya aya hiyo ambayo kwa hakika tunaipita mbio. Nani anayemsomea mwandishi maneno ya kuandika? Si anayedai. Aya inasema ni yule ambaye haki iko juu yake, yaani mdaiwa, naye amuogope Mola wake wala asipunguze kitu. Na ikiwa mdaiwa huyo ni mpungufu wa akili, au dhaifu, au hawezi kuandikisha mwenyewe, basi msimamizi wake aandikishe kwa uadilifu.

Fikiria uzito wa jambo hilo. Hati ya deni kwa mujibu wa aya hii ni sauti ya mdaiwa. Ameisema mwenyewe, kwa lugha yake, mbele ya mwandishi asiyeegemea upande na mashahidi wawili. Ikiletwa hati ya namna hiyo mbele ya hakimu, mdaiwa ameshasikilizwa. Alisikilizwa siku ile alipokopa, tena akiwa na akili iliyotulia na kabla ya ugomvi wowote. Kumhukumu haraka kwa hati hiyo ni kumhukumu kwa maneno yake mwenyewe, na hapo sioni dhulma. Akitaka kurudi nyuma, yeye ndiye alete jambo jipya la kutufanya tusimame.

Sasa ilinganishe na hati zetu. Anayekopesha ndiye anayeandika. Fomu imepigwa chapa siku nyingi, ina kurasa kumi na nne za herufi ndogo. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu, lakini mikataba mingi ya mikopo ninayoonyeshwa bado ni ya Kiingereza. Mkopaji anaonyeshwa alama za kalamu: weka saini hapa, hapa na hapa. Kwenye mali kauli mambo ni mabaya zaidi, kwani wapo wanaotoa hundi yenye saini na nafasi ya kiasi ikiwa tupu, kwa kuaminiana. Na wanaokopa kwa wale waliopewa jina la kausha damu huacha hata kadi ya benki na namba yake ya siri.

Mtu huyu hakusikilizwa mezani, na akifika mahakamani kwa njia fupi huenda asisikilizwe tena. Kwa hiyo sauti yake haikupatikana popote katika safari nzima ya deni lake, si mwanzo wala mwisho. Hapo ndipo hukumu ya haraka inapoweza kuwa dhulma, na kasoro yake haikuanzia kwa hakimu. Basi jibu langu kwa swali la mwanzo ni hili: haraka ya mahakama ni halali kwa kiasi kile ambacho sauti ya mdaiwa imo ndani ya hati. Hati ikiwa ni sauti yake, mlango wa kujitetea uwe mwembamba. Hati ikiwa ni sauti ya mwenzake tupu, mlango uwe mpana.

Upana wa mlango

Sheria yetu imeuwekaje mlango huo? Kwa hundi na hati za ahadi, mdaiwa hupewa ruhusa akionyesha katika kiapo chake mambo ambayo mahakama itayaona yanatosha. Ni maneno mapana, na hakimu mwenye hekima anaweza kuyatumia vizuri. Lakini kwa mikopo ya rehani, mabadiliko ya mwaka 2008 yameuminya mlango mpaka umebaki na matundu mawili: mdaiwa aonyeshe wazi kuwa mkopo hakuuchukua, au kwamba mkopo, au sehemu inayodaiwa, ameshalipa. Ambaye mkopo aliuchukua kweli, na hajamaliza kulipa, lakini analalamika kuwa hesabu imeongezwa mambo asiyokubaliana nayo, atapita tundu gani? Na hapa mali iliyo hatarini ni nyumba, watu wamelala ndani yake.

Kuna jambo jingine. Mahakama yaweza kumpa mdaiwa ruhusa kwa sharti la kuweka fedha mahakamani kwanza, au dhamana. Sharti hilo ni zuri kwa mchelewaji tajiri. Kwa masikini mwenye hoja ya kweli, ni sawa na kumwambia: lipa kwanza, ndipo tujue kama unadaiwa. Mahakama ya Juu ya India, ambako sheria yetu ilichotwa, iliweka ngazi juu ya jambo hili mwaka 1976, na ikazipanga upya mwaka 2016. Kwa ufupi, mwenye utetezi wa maana, au hata jambo la kweli linalohitaji kuchunguzwa, aruhusiwe bila ya sharti. Sharti la fedha liwekwe pale ambapo kuna shaka juu ya ukweli wa utetezi au nia ya mdaiwa. Na asiye na lolote anyimwe. Mpangilio huo unaridhisha, kwa sababu sharti linafuata shaka iliyopo juu ya utetezi, wala halifuati ukubwa wa mfuko wa mtu.

Atasema msomaji: ukiupanua mlango, waongo wote watapita. Hofu hiyo ni ya haki. Lakini dawa yake ameshaitaja Sayyidna Umar (RA) katika barua mashuhuri inayonasibishwa kwake, aliyomwandikia Abu Musa al-Ash'ari juu ya ukadhi, ambayo Ibn al-Qayyim (aliyefariki mwaka 751 Hijria) ameishereheshea kwa kirefu. Humo anaelekeza kuwa mtu anayedai ana haki au ushahidi ulio mbali awekewe muda maalumu. Akiuleta, apewe haki yake. Asipouleta, hukumu ipite juu yake, na hapo hana udhuru tena. Hiyo ndiyo mizani ninayoitaka: mlango mpana, lakini saa inahesabu. Mdaiwa asikubaliwe kwa maneno matupu ya "ninakana". Aape na aeleze: nililipa kiasi gani, siku gani, kwa nani, risiti iko wapi. Mwongo huchoka haraka akitakiwa kutaja tarehe, na kiapo cha uongo ni kosa la jinai hapa na ni moto kesho Akhera.

Na mdai naye aapishwe, kama walivyotaka Mashafi'i, kuwa anachodai ndicho kilichobaki hasa, hakikuongezwa wala hakikulipwa. Asidhani kuwa hukumu ya mahakama inamsafishia mali. Mtume (SAW) ametuonya kuwa yeye ni binadamu, huhukumu kwa anayoyasikia, na huenda mmoja akawa fasaha zaidi kuliko mwenzake. Basi atakayehukumiwa apewe haki ya ndugu yake, amekatiwa kipande cha moto. Ikiwa hayo yamesemwa juu ya hukumu iliyotoka kwake baada ya kusikiliza wote wawili, itakuwaje hukumu iliyopatikana wakati mmoja amenyamaza?

Kuharakisha deni, kutoharakisha dalali

Kuna kosa moja la upande wa wadaiwa nalo linahitaji kusemwa. Wengi wakitakiwa waeleze utetezi wao, wanaeleza shida zao: biashara iliungua, mke aliugua, mtoto yuko chuo. Hayo yanahuzunisha, lakini si utetezi. Kutokuwa na fedha hakufuti deni. Allah (SW) amesema juu ya mdaiwa mwenye dhiki (2:280) kuwa angojewe mpaka apate wepesi, na kumsamehe kwa njia ya sadaka ni bora zaidi. Aya hiyo imelithibitisha deni, kisha ikarefusha muda wa kulilipa.

Kwa hiyo yapo maswali mawili, na kila moja lina mwendo wake. La kwanza, je, unadaiwa? Hilo lijibiwe haraka kadiri haki inavyoruhusu. La pili, je, unaweza kulipa sasa? Hilo linahitaji subira, na sheria yenyewe inampa hakimu uwezo wa kuruhusu malipo kwa awamu. Ka'ab bin Malik (RA) alimdai Ibn Abi Hadrad (RA) msikitini mpaka sauti zao zikapanda. Mtume (SAW) akatoka, akamuashiria Ka'ab aondoe nusu ya deni. Alipokubali, akamgeukia mdaiwa akamuamuru asimame alipe. Hakuna aliyeondoka na kila kitu, na hakuna aliyeondoka na visingizio.

Yaliyo mikononi mwetu

Kubadilisha sheria ni kazi ya Bunge, lakini yapo tunayoyaweza bila ya kumngoja mbunge. Unayekopesha, muombe unayemkopesha aseme deni kwa mdomo wake na liandikwe kwa lugha anayoielewa, mashahidi wawepo. Mpe nakala. Unayekopa, usiweke saini kwenye nafasi tupu, wala usilipe bila ya risiti, hata kama anayekudai ni shemeji yako. Ukipata samansi usiifiche chini ya godoro. Isome siku hiyo hiyo, na ikiwa hukuielewa mpelekee anayeelewa, kwani siku 21 hazimsubiri mtu mwenye haya. Nao maimamu na kamati za misikiti, ambao miongoni mwa waumini wao wamo mawakili na makarani wa mahakama, wanaweza kutenga saa moja kwa wiki ya kuwasomea watu makaratasi yao. Sadaka ya namna hiyo haihitaji kuchangisha fedha.

Kukopa harusi, kulipa matanga, ndivyo tulivyoambiwa. Mimi naona matanga hayo hupungua sana pale ambapo siku ya harusi kila mmoja alisema mwenyewe, kwa sauti yake, amekubali nini. Tukifika hapo, hakimu aharakishe apendavyo, hatamdhulumu mtu.

Wallahu a'lam.